Pakiti Kumi na Tisa

Jumapili moja mama yake Sindano alikuja kambini kumwona mwanawe, na kwa kuwa si mtu wa kukaa dakika tano bila kupanga kitu, akafungua kabati. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka kukunja nguo tu. Nyuma ya nguo akakuta pakiti za pedi zimepangwa mstari. Akazihesabu. Zilikuwa kumi na tisa, na hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Pakiti hizo alizituma yeye mwenyewe, moja kila mwezi. Sasa niambie wewe, mama gani atahesabu mpaka kumi na tisa abaki na akili zake timamu? Akaketi kitandani. Akainuka. Akaenda kufunga mlango.

"Ni nani?" akauliza.

Sindano alikuwa amelala kitanda cha pili, mguu wa kushoto juu ya mto, kitambaa chenye barafu kimefungwa kwenye muundi. "Nani nini, Mama?"

"Usinifanye mjinga. Baba wa mtoto ni nani?"

"Mtoto gani?"

"Huyo uliyembeba tumboni!"

Sindano akajitazama tumbo, na wala hapakuwa na cha kutazama. Hilo jina la Sindano alipewa na wenzake siku ya kwanza alipoingia kambini, na tangu hapo amekuwa akizidi kulistahili. Akaanza kucheka. "Mama, miezi kumi na tisa? Hiyo mimba au tembo?"

"Usinichekeshe nikiwa na hasira!"

Aliyeokoa jahazi ni msichana anayelala naye chumba kimoja, aliyekuwa amekaa pembeni akisikiliza. Wenzake walimwita Redio, kwa sababu haizimwi. "Mama, tulia," akasema Redio. "Si mimba. Sindano amehitimu."

Mama mtu akageuka polepole. "Amehitimu nini?"

Basi wakamweleza. Pale kambini walikuwa wasichana tisa, wote wakimbiaji wa mbio ndefu, na Kocha alikuwa amewafundisha kwamba msichana akifanya mazoezi sawasawa, hedhi yake hukoma. Ikikoma, maana yake mwili umeyakubali mazoezi. Msichana wa kwanza ilipomtokea, wenzake walimpigia makofi wakati wa chakula cha jioni, na tangu siku hiyo ikawa desturi ya kambi. Ukihitimu unasimama, unatangaza, unapigiwa makofi, unaketi. Anayeanza kupiga ni Kocha mwenyewe.

Na usidhani Kocha alikuwa mtu mbaya. Aliwapenda wasichana wale. Alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kunywa maji. Ila hayo alifundishwa na kocha wake, naye alifundishwa na kocha wake, wanaume watupu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupata hedhi maishani mwake.

"Mimi nimezaa wanne," akasema mama mtu, "na sijahitimu mpaka leo. Na huo mguu?"

"Unauma kidogo tu."

"Kidogo tangu lini?"

"Wiki tatu," akasema Redio, na Sindano akamrushia mto.

Hapo ndipo Sindano alipoanza kubembeleza. Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa umebaki wiki sita. Mita elfu kumi, wanachukuliwa watatu wa kwanza. Mwaka uliopita alikuwa wa nne, akaachwa kwa hatua mbili, na tangu siku ile hakuwaza kitu kingine akiwa macho wala akiwa usingizini. Akamwomba mamaye asimwambie mtu. Baada ya mchujo atapumzika, ataenda hospitali, atafanya lolote.

"Kesho asubuhi," akasema mama. "Ukibisha nakubeba mgongoni. Na unajua nimezoea kubeba saruji."

Haikuwa majivuno. Mama huyo alikuwa msimamizi wa kiwanda kidogo cha matofali ya saruji, na mfuko mmoja wa saruji una kilo hamsini. Sindano alikuwa na kilo arobaini na moja.

Hospitalini, kitu cha kwanza mama alichotaka ni kipimo cha mimba. Kilipotoka hakina kitu, akashusha pumzi, kisha akaona haya, kisha akamwambia binti yake kwamba asijione ameshinda. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mwenye kuuliza swali moja halafu akasubiri jibu kwa utulivu wa kuudhi. Anakimbia kilomita ngapi kwa wiki? Mia na arobaini. Asubuhi amekula nini? Chai. Na nini? Chai tu. Mara ya mwisho kupata hedhi? Hapo mama akajibu kwa niaba yake.

Wakampiga picha ya mguu. Wakamlaza chini ya mashine nyingine inayopima ugumu wa mifupa. Alasiri daktari akawaita, akabandika picha mbele ya taa, akaonyesha kwa ncha ya kalamu. Katikati ya muundi palikuwa na mstari mwembamba mno, ungedhani ni unywele umeangukia picha.

"Huu ni ufa," akasema. "Si pigo wala si ajali. Mfupa umechoka. Lakini hicho kinatibika. Kilichonitisha ni hiki." Akawasogezea karatasi. "Binti ana miaka ishirini na miwili. Mgongo wake una mifupa ya mwanamke wa miaka sitini."

Mama akaishika karatasi, akaigeuza, akairudisha ilivyokuwa.

"Mwili wake hauna ugomvi naye," daktari akaendelea. "Anautumia kutwa, halafu anaulisha kama mgeni asiyependwa. Sasa mwili unakaa kikao. Chakula hakitoshi, tuzime nini? Moyo hauzimwi. Mapafu hayazimwi. Basi uzazi uzimwe, kwa sasa hauna haraka. Na ukizimwa uzazi, inazimika na ile homoni inayolinda mifupa. Binti, wewe hukuhitimu. Wewe umekatiwa umeme."

Sindano akataka kucheka, yakatoka machozi. "Na mchujo?"

"Ukikimbia na ufa huu, unaweza kumaliza mbio. Unaweza pia kuvunjika vipande viwili mbele ya watu. Mguu unahitaji miezi mitatu. Mifupa iliyobaki inahitaji zaidi, na haitaanza kupona mpaka hedhi irudi. Na hedhi hairudishwi kwa sala tu, hurudishwa kwa chakula na kupumzika."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Sindano alilisikia la mkuu, akalifuata neno kwa neno, na guu likapasuka vilevile. Wahenga hilo hawakulifikiria.

Kesho yake Kocha akaja kiwandani, kofia mkononi. Akamkuta Sindano amekaa kwenye pipa la mafuta lililopinduliwa, magongo mawili ubavuni, na mama yake anawasimamia mafundi. Kocha aliongea vizuri, kwa upole, kwa heshima zote. Madaktari, alisema, kazi yao kutisha watu. Ufa mwembamba namna ile wanariadha wengi wanao na hawajui. Apate bandeji, apate vidonge vya maumivu, apunguze kidogo kwa wiki mbili, halafu mchujo. Nafasi ya timu ya taifa haimngojei mtu. "Mama, huyu mtoto ni wa kwanza mwaka huu. Mimi nimemwona. Hakuna wa kumshika."

Na Sindano, nakwambia ukweli, alikuwa upande wa Kocha. Kila neno lilimwingia. Moyo ulimwenda mbio pale pale alipoketi. Alimtazama mamaye akitamani aseme haya, nenda.

Mama akageuka. Alikwenda kwenye safu za matofali yaliyokauka, akarudi na mawili, akayaweka chini mbele ya Kocha.

"Chagua moja," akasema. "Unajenga nyumba, watoto wako watalala ndani."

Kocha akaona mzaha, lakini akainama. Yote yalikuwa na rangi moja na kimo kimoja. Akayapima kwa mikono, akachagua la kushoto. Lilikuwa jepesi na kingo zake zimenyooka vizuri.

"Hilo lilifyatuliwa siku nilipokwenda kumtazama mgonjwa," akasema mama. "Wenzangu wakabana saruji. Nilijua siku tatu baadaye." Akalinyanyua mpaka kiunoni, akaliachia. Lilipogonga sakafu halikuvunjika vipande, lilisambaa likawa mchanga. Akanyanyua la pili, akaliachia. Likadunda kwa kishindo, likalala ubavu, limemeguka kona moja tu.

"Kocha, mimi sijasoma mambo ya michezo," akasema. "Lakini tofali nalijua. Ukilibania saruji halikwambii. Linakauka, linapendeza, unalipanga, unasifiwa. Siku ya kubeba mzigo ndiyo linasema." Akaonyesha mchanga miguuni pake. "Huyu ni mwanangu. Ndivyo alivyo ndani sasa hivi."

Mafundi nao walikuwa wamesimamisha koleo. Sindano aliutazama ule mchanga kwa muda mrefu, na hofu ikampata, hofu ya kweli, ambayo hata daktari na picha zake hakuweza kumtia. Akafikiri juu ya miaka arobaini ijayo, si wiki sita.

"Kocha," akasema, "sikimbii."

"Sindano..."

"Sikimbii mwaka huu. Nitakuja mwakani. Kama utanipokea, sawa. Usiponipokea, nitakuja vilevile."

Kocha akavaa kofia yake akaondoka bila kuaga vizuri, na Sindano akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Siku ya mchujo aliutazama kwenye televisheni ya sebuleni. Redio akawa wa tatu. Sindano akapiga kelele za furaha kwa ajili ya rafiki yake, kisha akaenda chumbani na wivu wake, akafunga mlango. Tusifichane, yote mawili yalikuwa ya kweli.

Halafu ikaanza kazi ngumu kuliko kukimbia, nayo ni kula. Usicheke. Mtu aliyejifunza kuiogopa sahani haachi kwa siku moja. Mama alimpangia milo mitatu na vitafunwa katikati, na kila kijiko kilikuwa na kesi yake. Mayai, maziwa, maharage, wali, samaki na mifupa yake midogo. "Nimeshiba," anasema Sindano. "Umeshiba nini, harufu?" anajibu mama. Suruali zikaanza kukataa kupanda. Mapaja yakarudi, kifua kikarudi, na asubuhi moja alijitazama kwenye kioo akalia kwa hasira, kwa sababu alimwona msichana asiyemjua. Kaka yake alimwita sindano ya kushonea magunia, akapigwa kofi la mgongo na mama yao, akaomba radhi.

Mwezi wa tatu mguu ulipona. Mwezi wa nne daktari akamruhusu kukimbia dakika kumi, akitembea dakika tano katikati, mwendo ambao mbuzi angeuonea aibu. Mwezi wa tano, hakuna hedhi. Mwezi wa sita, hakuna. Sindano aliweka alama kwenye kalenda ya ukutani mpaka akachoka kuitazama. Kila alipokwenda kwa daktari aliambiwa neno lile lile: subira. Alilichukia neno hilo kuliko magongo. Usiku mmoja alimwambia mamaye kwamba pengine ameshaharibika na haitarudi tena.

"Zege letu linakomaa siku ngapi?" mama akamuuliza.

"Ishirini na nane."

"Na wewe si zege. Tulia."

Ilirudi mwezi wa nane, Jumanne, saa nne asubuhi, Sindano akiwa kiwandani ameshika mpira wa maji anamwagilia matofali mabichi. Alihisi tumbo linamsokota, akadhani ni maharage. Akaenda msalani. Kilichofuata ni yowe lililosikika mpaka barabarani. Mama akatupa koleo akakimbia akidhani mtoto ameanguka amevunjika, mafundi wakamfuata mbio, mmoja amebeba ubao wa kumlazia majeruhi.

Mlango ukafunguka. Sindano alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Imerudi! Mama, imerudi!"

Mama akasimama. Ikamchukua sekunde mbili. Kisha akapiga vigelegele katikati ya kiwanda cha matofali, mikono ikiwa na saruji mpaka viwikoni, akamkumbatia binti yake wakazunguka, wakakanyaga matofali sita mabichi wakayaharibu.

"Kuna nini?" akauliza yule mwenye ubao.

"Hayakuhusu! Fyatueni matofali!" akasema mama, na akapiga vigelegele tena.

Sindano alirudi kambini mwezi wa kumi akiwa na kilo arobaini na tisa. Jumamosi Kocha akatoa mizani barazani kama kawaida, wasichana wakapanga foleni. Ilipofika zamu yake hakupanda.

"Panda," akasema Kocha.

"Sipandi tena."

"Sihitaji hata mizani. Umeongeza kilo nane. Unadhani utashinda na mzigo huo?"

"Si mzigo, Kocha. Ni miguu."

Wasichana wakabana vicheko. Kocha akamtuma uwanjani akimbie mita elfu tano peke yake, awaonyeshe wenzake hiyo miguu. Alipomaliza, Kocha aliitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni. Haikuwa imeharibika. Akaandika muda ule kwenye daftari, na tangu siku hiyo hakumtajia tena habari za mizani, ingawa wenzake aliendelea kuwapima.

Siku ya mchujo Sindano aliamka hedhi ikiwa siku ya pili. Mwaka ule mwingine angeona ni balaa. Safari hii alijisemea kwamba umeme upo, akala mayai mawili na wali, akafungua pakiti ya pedi, akaenda kazini.

Wakimbiaji kumi na wanane walisimama kwenye mstari. Mizunguko ishirini na mitano si mchezo, na mwanzo wake hauna maneno mengi, ni kupumua na kuhesabu. Redio aliongoza tangu mwanzo, kwa mdomo uliofungwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mzunguko wa kumi walibaki tisa mbele. Wa kumi na tano wakabaki watano. Sindano alikuwa wa tano, na hapo ndipo mwaka uliotangulia ule mguu ulipokuwa ukianza kumchoma mazoezini. Akangoja uchome. Haukuchoma. Akausikiliza mzunguko mzima, akautegea, akauchokoza kwa hatua ndefu. Mguu ukamjibu na kumwomba zaidi.

Basi akaupa. Mizunguko mitatu kabla ya mwisho alitoka pembeni akawapita wawili kwa mpigo. Uwanja ukainuka. Akampata wa pili. Akamfikia Redio, akaona uso wake umekunjamana kwa maumivu na kwamba anakanyaga mguu mmoja kwa woga, na akautambua ukanyagaji ule, maana ulikuwa wake. Hapakuwa na nafasi ya kusema neno. Akampita. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia, na Sindano akakimbia mita mia nne zile akiwa na furaha tupu mwilini, hakuna aliyemkaribia, sauti ya mama yake ikitoka jukwaani kwa nguvu kuliko vipaza sauti vyote. Alikata utepe sekunde kumi na moja mbele ya wa pili. Wa timu ya taifa! Akapiga magoti akaubusu uwanja.

Mtangazaji akamkimbilia Kocha kwanza, kama ilivyo ada. "Kocha, siri ya ushindi huu ni nini?"

"Nidhamu," akasema Kocha, kifua mbele. "Kambini kwangu nidhamu ya mwili ni..."

Sindano akanyoosha mkono akachukua kipaza sauti, kwa adabu, lakini alikichukua. Alikuwa bado anahema.

"Miezi kumi na tisa sikupata hedhi," akasema, na uwanja mzima ukasikia. "Nilipigiwa makofi. Mfupa wangu ukapasuka. Nimekaa miezi minane nakula na kungoja irudi. Leo niko kwenye hedhi, siku ya pili, na nimeshinda. Dada zangu mnaokimbia, ikikatika msifurahi. Nendeni hospitali."

Mtangazaji akabaki ameunyoosha mkono mtupu. Kisha vigelegele kutoka jukwaani, unajua vya nani, na wanawake wengine wakavipokea, safu kwa safu, mpaka wanaume nao wakaanza kupiga makofi bila kujua waangalie wapi.

Kocha hakupiga. Alitembea mpaka ukingo wa uwanja ambako wasichana wake walikuwa wamekaa kwenye majani wakivua viatu, akasimama mbele yao. Sindano alimfuata, tayari kwa ugomvi.

"Nilipiga makofi mimi?" Kocha akamuuliza, sauti chini.

"Ulikuwa unaanza wewe, Kocha."

Akavua kofia. Akawatazama wasichana mmoja mmoja. "Nani mwingine?" akauliza. "Wale wa makofi, nani bado haijarudi? Simfukuzi mtu. Nataka kujua tu."

Redio alikuwa amekaa, mikono imeushika muundi wake, na machozi yanamtiririka kimya. Alikuwa wa nne, ameachwa, na mguu unamuuma tangu mwezi uliopita. Akainua mkono. Msichana wa pembeni yake akamtazama, akainua wake. Kisha mwingine. Kisha watatu pamoja, wakitazama chini. Kocha akahesabu mara mbili. Ilikuwa mikono sita, katika wasichana wanane waliokaa pale.

Akaketi chini kwenye majani, mtu mzima yule, akafunika uso. "Binti zangu," akasema.

Sindano akapiga magoti nyuma ya Redio akamkumbatia kwa nguvu. "Inarudi," akamwambia sikioni. "Mimi yangu imerudi. Unasikia? Inarudi."

"Kesho asubuhi hakuna mazoezi," akasema Kocha akiinua uso. "Kesho tunakwenda hospitali. Wote. Na mimi nitaketi mbele nifundishwe."

Mama yake Sindano alikuwa ameshashuka jukwaani na kikapu chake, anahema kuliko wakimbiaji. Aliposikia neno hospitali akasema vizuri sana, lakini kesho ni kesho, akakaa chini katikati ya wasichana, akafungua kikapu, akaanza kuwagawia chakula.